Roboti ya mezani, kutoka sandukuni hadi matope ya Kano: mwongozo kamili wa kujenga na kupaka rangi

Simama kando ya barabara ya Muhoroni siku ya kuvuna miwa, utazame trekta likivuta matela kuelekea kiwandani. Rangi imebanduka pale dereva anapokanyaga akipanda, na pembeni mwa boneti mikono inapoegemea. Katikati ya mlango bado inang'aa. Chini ya kila bolti kuna mstari mwembamba wa kutu ulioteremka na mvua. Matope ni mazito kwenye tairi, yanapungua kwenye fenda, na yakifika usawa wa kioo yamebaki vumbi tu. Ukilisoma trekta hilo vizuri umeshajua nusu ya kazi ya kupaka rangi roboti. Roboti ya hadithi za sayansi haijawahi kutembea popote duniani. Mtazamaji ataiamini pale tu itakapokuwa imechakaa kama mashine anayoifahamu, na huku kwetu mashine za kujifunzia tunazo tele: matrekta ya miwa, mabehewa ya reli, matatu, na meli kuukuu bandarini.

Mimi hujenga roboti hizi, yaani sanamu ndogo za plastiki zinazouzwa kwa seti za vipande vya kuunganisha, nyumbani Kisumu, kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Mafunzo mengi ya kazi hii yanatoka nchi zenye hewa tofauti na yetu na maduka tofauti na yetu, na mtu akiyafuata neno kwa neno hapa kando ya ziwa ataharibu vitu vya bei. Nitazipitia hatua zote, ila nitakaa zaidi kwenye zile zinazotushinda huku.

Kuchagua seti ya kwanza

Seti zinazojulikana zaidi ni za Gundam, zinazotengenezwa na kampuni ya Bandai ya Japani. Gundam yenyewe ni tamthilia ya katuni iliyoanza kwenye runinga ya Japani mwaka 1979, na seti ya kwanza ikatoka Julai 1980: roboti ya RX-78-2 kwa kipimo cha 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ile ya hadithini, bei yake yen 300. Seti za wakati ule zilihitaji gundi, na usipozipaka rangi zilibaki na rangi ya plastiki yake tu. Za leo hushikana kwa kubanwa bila gundi, na kila kipande hutoka kiwandani Shizuoka kikiwa na rangi inayokaribiana na ile ya mwisho.

Kwenye sanduku utaona herufi zinazotaja daraja. HG, iliyoanza mwaka 1990, ni ya kipimo cha 1/144. MG ya mwaka 1995 ni 1/100. PG ya mwaka 1998 ni 1/60. RG ya mwaka 2010 imerudi kwenye 1/144 lakini imejaa vipande vidogo na mifupa ya ndani. Hesabu yake ni rahisi: RX-78-2 inasemekana kuwa na urefu wa mita 18, kwa hiyo ukigawanya kwa 144 unapata sentimita 12 na nusu. Kwa 1/100 ni sentimita 18, na kwa 1/60 ni sentimita 30.

Anza na HG. Japani nyingi huuzwa kati ya yen 1,000 na 3,000, unaimaliza kwa siku chache, na ukiharibu kipande hutalia sana. Kuna pia daraja la Entry Grade, ambalo vipande vyake hutoka kwenye fremu kwa mkono mtupu. Ni zuri kwa mtoto. RG iache mpaka mkono uzoee. Mwanzoni mtu huvutwa na ile yenye vipande vingi kuliko zote, akifika kiunoni amechoka, na sanduku linaingia chini ya kitanda lisitoke tena.

Hapa Kisumu sijakuta duka lenye seti hizi kwenye rafu, kwa hiyo ni kuagiza mtandaoni au kumtuma ndugu anayesafiri. Ukiagiza, hesabu usafiri na ushuru, pamoja na VAT ya asilimia 16, kabla hujalipa. Mkiwa wawili au watatu mkiagiza mzigo mmoja, gharama ya usafiri inagawanyika. Nakala bandia utaziona kwa bei ya chini. Ziepuke. Viungo vyake mara nyingi hulegea au hukaza mno, vipande havikutani sawasawa, na anayeanza hujilaumu mwenyewe kumbe kosa ni la plastiki.

Vifaa, na pa kuvipata

Koleo ndogo ya kukatia nyaya, ile yenye upande mmoja bapa, inapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya umeme. Ukiweza nunua mbili: moja ya kawaida ya kukata mbali na kipande, nyingine yenye meno membamba ya kukata karibu. Ya pili usiikatie waya hata siku moja. Ongeza kisu cha karatasi chenye wembe wa kuvunja, kibano, vijiti vya meno, pamba za masikio na mswaki uliochoka.

Msasa wa maji unauzwa yanakouzwa marangi ya magari. Chukua namba 400, 600, 800 na 1000. Zaidi ya huo, nenda saluni. Kile kijibamba laini cha kusugulia kucha, chenye pande tatu au nne, kinasafisha plastiki vizuri kuliko msasa mwingi niliowahi kutumia, nacho kinajipinda kwenye mabega ya mviringo bila kuyabapiza.

Kwa kushikilia vipande wakati wa rangi, tumia vijiti vya mishikaki vyenye klipu ndogo za umeme zilizofungwa kwenye ncha, uvichomeke kwenye foamu nyeupe ya sanduku la runinga au kwenye mkebe wa mchanga. Mchanga ni bora, kwa sababu upepo wa ziwa huangusha foamu.

Kukata: hapa ndipo roboti hupatia au huharibikia

Vipande huja vikiwa kwenye fremu za plastiki, kama matunda kwenye tawi. Kila fremu ina herufi na kila kipande kina namba, kwa hiyo kitabu kikionyesha A-12 unatafuta namba 12 kwenye fremu A. Maandishi ni ya Kijapani lakini picha zinajitosheleza. Usikate vipande vyote kwa pamoja ukavimwaga mezani. Kata vya hatua moja, jenga, kisha endelea.

Panapoungana kipande na fremu nitapaita kikonyo, na alama inayobaki baada ya kukata nitaiita kisiki.

Mkato wa kwanza, kata kikonyo mbali, ukiacha kama milimita 3 kwenye kipande. Kipande kikishakuwa huru mkononi, kata mara ya pili kwa koleo nyembamba, upande bapa ukitazama kipande, uache kama nusu milimita. Usikate hadi usawa wa kipande. Koleo haikati plastiki kama wembe. Inaibana mpaka ipasuke, na mpasuko huo huingia ndani. Sogeza taa karibu utauona: doa jeupe kama ukucha uliogongwa, na kwenye plastiki ya buluu nzito au nyekundu linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Hata sauti hukuonya. Mkato mzuri hulia kidogo na kwa upole, mkato mbaya hulia *tak* na kipande kinaruka chini ya kochi.

Ile nusu milimita iliyobaki iondoe kwa wembe, tabaka moja moja jembamba, kama unavyomenya tangawizi bila kutaka kupoteza nyama yake. Elekeza wembe mbali na kidole gumba. Kisha msasa: namba 400 kwa mikwaruzo michache tu, halafu 600, 800, 1000. Weka tone la maji. Maji hubeba unga wa plastiki usirushwe hewani ukaingia kifuani, na msasa hauzibi. Sugua kwa kuzungusha kidogo, si mbele na nyuma mahali pamoja, la sivyo utachimba kishimo ambacho rangi itakionyesha.

Kipande kimoja kinaweza kuwa na visiki vinne, na HG ina vipande zaidi ya mia. Ndiyo, ni kazi. Lakini hakuna rangi inayoficha kisiki, rangi hukikuza. Jioni moja ukimaliza mkono mmoja tu, umefanya kazi ya kutosha.

Kuunganisha, na mshono wa katikati

Ukijenga bila nia ya kupaka rangi, fuata kitabu, bana vipande, basi. Ukitaka kupaka rangi lazima roboti ikubali kufunguliwa tena. Kabla ya kubana, punguza kwa koleo theluthi ya urefu wa kila kijiti kinachoingia kwenye tundu, na ukate ncha yake kwa mshazari. Itashika vya kutosha kukuonyesha inavyokaa, na itafunguka kwa ukucha. Usipofanya hivyo utaifungua kwa bisibisi, na bisibisi huacha kovu.

Vile vipande laini vya kijivu vinavyokaa ndani ya viungo vimetengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine. Havishiki gundi wala rangi. Viache kama vilivyo.

Mikono, miguu na silaha mara nyingi huwa na nusu mbili zinazokutana katikati zikiacha mstari. Mashine halisi haina mstari wa namna hiyo katikati ya paja. Kuuondoa, paka gundi ya plastiki, ile ya majimaji inayoyeyusha, kwenye kingo za nusu zote mbili. Subiri sekunde chache, paka tena, kisha bana taratibu mpaka plastiki iliyoyeyuka ichomoze mstari mzima kama uji unaotaka kufurika. Funga kwa vibanio vya nguo au mpira, uache. Maelekezo mengi husema siku moja. Mimi huacha siku tatu, na kwenye mapaja makubwa wiki nzima, kwa sababu plastiki ambayo haijakauka ndani huendelea kunywea, na mstari unaibuka tena chini ya rangi baada ya mwezi. Ikikauka, kata ile michirizi kwa wembe na upige msasa.

Mabaki ya fremu usiyatupe. Yakatekate punje punje ndani ya kichupa cha gundi hiyohiyo iliyobaki robo, ukoroge kesho yake. Utapata uji mzito wa plastiki unaoziba mapengo yoyote, nao ni wa rangi ileile.

Kuosha

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki. Lengo ni kuondoa unga wa msasa na mafuta ya vidole. Osha ndani ya chujio la chai, vipande vidogo visiende na maji. Vitandaze kwenye kitambaa safi mpaka kesho.

Praima, hewa ya ziwa, na wadudu wa jioni

Praima ni rangi ya kwanza, kwa kawaida ya kijivu, inayowezesha rangi nyingine kushika na inayokuonyesha kila mkwaruzo uliokupita. Praima ya modeli ndiyo salama. Ya magari inaweza kufaa, lakini si kila moja. Nilipoanza nilikwenda kumwona fundi wa rangi gereji moja hapa mjini, nikiwa na goti la roboti mfukoni.

"Mzee, shikamoo. Hii thina inafaa plastiki?"

"Marahaba. Kijana wangu, hii inakula hata ngozi ya mkono wangu. Unayo takataka ya plastiki hiyohiyo?"

Nilikuwa na kipande cha fremu. Akakichovya, akanirudishia. Ndani ya dakika moja kilikuwa laini kama ubani uliotafunwa. Tangu siku hiyo kila mkebe mpya naujaribu kwanza kwenye fremu, ambayo ni plastiki ileile ya roboti, na nasubiri hadi kesho yake. Rangi ikikwaruka kwa ukucha, au plastiki ikikunjamana, mkebe huo haugusi roboti. Rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya kukaushia, zile za vikopo viwili, waachie wenye chumba na vifaa vya kupumulia. Zina kemikali zinazodhuru mapafu.

Sasa hewa. Rangi ya kupuliza hukauka kwa dawa yake kuruka haraka, na inaporuka hupoza uso wa plastiki, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mvuke hugeuka matone madogo mno juu ya rangi mbichi na kunaswa humo. Matokeo ni ukungu mweupe, na mabaya zaidi ni kwenye nyeusi na kwenye vanishi. Kifua cha roboti yangu ya pili kilitoka cheupe kama kilichopakwa unga, jioni ya Aprili, mvua ikinukia. Nilikipiga msasa chote nikaanza upya.

Kwa hiyo Kisumu nina saa zangu: kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Umande umekwisha, na mawingu ya mvua, ambayo huku hupenda kujikusanya alasiri, bado hayajaja. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, naweza kukaa wiki nzima bila kupuliza, nikafanya kazi ya msasa na gundi. Kuna sababu ya pili ya kukimbia jioni. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama moshi juu ya maji, hufuata taa, na rangi mbichi ni ulimbo kwao. Mmoja akitua bega la roboti usimguse. Mwache akauke kabisa, kesho mng'oe kwa kibano na usugue mahali pake kwa namba 1000. Ukimfuta rangi ikiwa mbichi unavuta mabawa na miguu mpaka shingoni.

Nakuru tatizo ni jingine. Mji uko juu, karibu mita 1,850, na kiangazi cha Januari na Februari huleta vumbi jembamba linaloingia kila mahali. Huko mwagia maji sakafuni nusu saa kabla ya kazi, vaa nguo isiyomwaga nyuzi, na funika vipande kwa beseni lililopinduliwa mara tu ukimaliza.

Namna ya kupuliza: tikisa mkebe dakika mbili kamili, simama nje upepo ukiwa mgongoni, weka vipande ndani ya katoni lililowekwa ubavu. Umbali ni sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza kabla ya kipande, pita, malizia baada yake. Usianzie wala kusimamia juu ya kipande. Mpito wa kwanza uache plastiki ikionekana bado. Subiri dakika 10 hadi 15, pita tena. Mapito matatu membamba yanashinda moja zito, kwa sababu zito huteleza na kujaza ile mifereji myembamba iliyochongwa mwilini mwa roboti, uliyoilipia pesa. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi. Ile ya kitambaa huzuia vumbi tu, mvuke unapita. Na mkebe usiuache juani au ndani ya gari lililofungwa, unaweza kulipuka.

Rangi kwa brashi

Mashine ya kupuliza yenye kompresa inafanya kazi safi, lakini inataka pesa, umeme usiokatika na nafasi. Brashi inatosha kabisa, na kwa roboti iliyochakaa naipenda zaidi.

Tumia akriliki za maji. Za modeli ni bora, lakini hata za wachoraji zinakubali juu ya praima ukiwa mvumilivu. Ongeza maji mpaka rangi iteleze kama maziwa, si kama mtindi. Tabaka la kwanza litakuwa na mabaka na utadhani umeharibu. Liache. La tatu au la nne ndilo linalofunika. Kosa kubwa ni kurudia mahali palipoanza kukauka. Brashi huinua rangi na kuacha mikwaruzo kama ya ufagio.

Joto letu hukausha rangi kwenye brashi kabla haijafika kwenye kipande. Dawa yake ni kibao chenye maji: mfuniko wa mkebe bapa, sifongo iliyolowa ndani yake, juu yake karatasi ya kuokea. Weka rangi juu ya karatasi hiyo. Maji hupanda taratibu kutoka chini, na rangi inakaa mbichi saa kadhaa.

Njano na nyekundu hazifuniki kijivu; ziwekee nyeupe chini yake. Fedha na chuma ziwekee nyeusi. Na nyeupe yenyewe usiitumie ikiwa safi. Tia tone la kijivu. Kitu cha mita 18 kikitazamwa kutoka mbali hakiwi cheupe kama karatasi, hewa iliyo katikati hukififisha, na roboti ndogo yenye weupe mkali huonekana kama kichezeo cha kuogea.

Mifereji na stika

Pakishakauka siku mbili, pitisha vanishi inayong'aa. Uso laini ndio unaoruhusu rangi nyembamba kukimbia ndani ya mifereji badala ya kutapakaa. Changanya akriliki na maji mengi na chembe ya sabuni ya vyombo, gusisha ncha ya brashi kwenye kona ya mfereji, na uangalie ikikimbia yenyewe. Panapomwagika futa kwa pamba yenye unyevu. Juu ya nyeupe tumia kijivu, juu ya nyekundu na njano tumia kahawia, nyeusi ibakie kwa kijivu na chuma. Mifereji myeusi juu ya nyeupe huifanya roboti ionekane imechorwa kwa kalamu.

Wako wanaotumia rangi za enameli na thina yake. Zinakimbia vizuri zaidi, lakini thina ikiingia kwenye viungo vya ABS (aina ya plastiki ngumu) visivyo na rangi, vikiwa vimebanwa, plastiki hupasuka. Ukizitumia, fungua viungo kwanza.

Stika za maji: kata, zamisha sekunde 20 hadi 30 kwenye maji ya uvuguvugu, subiri mpaka iteleze kwenye karatasi yake, isukume mahali pake kwa brashi, kisha bingirisha pamba kutoka katikati kwenda nje.

Kuichakaza

Hapa rudi Muhoroni. Kabla ya kugusa brashi jiulize roboti hii inafanya kazi gani, inakanyaga wapi, fundi hupandia wapi kuikagua. Mimi huamua kwamba yangu inafanya kazi uwanda wa Kano, hapa karibu na Kisumu, penye udongo mweusi unaonata na kujenga visigino chini ya viatu. Kwa hiyo nyayo ni nzito kwa matope, vifundo vina michirizi, magoti yana vumbi, na kutoka kiunoni kwenda juu ni mvua na jua tu.

Rangi iliyobanduka: chukua kipande cha foamu ya godoro ukubwa wa ncha ya kidole, ukichane kwa mkono, usikate kwa makasi, ili kingo ziwe na mashimo yasiyolingana. Chovya kwenye kahawia iliyokolea sana. Gonga kwenye gazeti mpaka iache alama ndogo ndogo tu, halafu gusisha kwenye kingo: ncha za ngao, pembe za mabega, vidole, kingo za nyayo. Kumbuka kipimo. Kwa 1/144, doa la milimita 1 ni bamba la sentimita 14 lililobanduka, kubwa kuliko kiganja. Binadamu wa urefu wa kawaida kando ya roboti hiyo ana milimita 12. Madoa yawe madogo kuliko unavyotamani, na yawe machache.

Kutu: weka nukta ya rangi ya chungwa-kahawia chini ya bolti au kona ya mfereji. Kabla haijakauka, ivute kwenda chini kwa brashi bapa yenye unyevu, mara moja au mbili, mpaka ipotee. Daima kwenda chini, jinsi mvua inavyokwenda. Kwenye meli za zamani bandarini utaona mstari hukolea juu na kufifia chini, na miwili haiwi na urefu mmoja. Nilisimama pale na daftari nikaichora kumi. Sikuwahi kuona iliyokaa sawa kwa sawa, wakati mimi nilikuwa nikiipanga kama meno ya kitana.

Matope: kausha udongo halisi juani, usage kwa jiwe, upepete kwa soksi ya nailoni mpaka ubaki unga wa poda. Hata hivyo udongo peke yake una punje kubwa kwa kipimo hiki, kwa hiyo naongeza unga wa chaki na rangi ya kahawia, kisha tone la vanishi isiyong'aa ili ushike. Ponda-ponda kwa brashi iliyozeeka kwenye nyayo. Tabaka la kwanza liwe jeusi la unyevu, la pili jepesi la kukauka, likiacha la kwanza lionekane kwenye mikunjo. Masizi ya injini mgongoni ni vumbi la makaa lililosagwa, lililopakwa kavu kwa brashi laini.

Kila baada ya dakika kumi iweke roboti mbali, uende jikoni, urudi uitazame upya. Uchafu ni rahisi kuongeza.

Vanishi ya mwisho na kurudisha viungo

Vanishi isiyong'aa ndiyo inayogeuza plastiki kuwa chuma. Hupulizwa asubuhi kwa sheria zilezile za praima, mapito mawili membamba. Itafifisha vumbi na masizi kidogo, kwa hiyo hapo awali koleza kiasi. Vipande vinavyopitisha mwanga, kama macho na taa, viondoe kwanza, maana vitageuka ukungu.

Subiri siku mbili, kisha rudisha viungo. Rangi imeongeza unene, kwa hiyo kiungo kikikaza usilazimishe: kwaruza rangi iliyo ndani ya tundu kwa wembe. Kikilegea, paka vanishi kwenye kijiti chake na uache ikauke kabla ya kukirudisha.

Iweke mbali na dirisha lenye jua la mchana, kwa sababu weupe hugeuka njano, na vumbi lipepetwe kwa brashi laini ya vipodozi.

Kichwa huwa narudisha mwisho. Nyuma ya macho natia kipande cha karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara au chokoleti, kimekunjwa kidogo ili kiakisi mwanga kutoka pande zote. Halafu naisimamisha roboti kwenye meza chini ya dirisha, naizungusha taratibu, mpaka nipate ile pembe ambayo macho yanashika jua la ziwani na matope ya nyayo yanabaki kivulini.